Maji Moto ya Mugara: Siku Moja ya Kupumzisha Mwili kwa Mtu wa Bugarama

Katika miji ya milimani ya Uswisi, wanaoteleza kwenye theluji huegesha skii zao alasiri na kwenda moja kwa moja kwenye maji ya moto. Pale Leukerbad, kijiji kilicho takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 51 na hupozwa kabla ya kuingizwa kwenye mabwawa ya kuogea. Wageni hulipa fedha nyingi kwa huduma hiyo. Ukiondoa marumaru, taulo nyeupe na muziki wa sauti ya chini, wanacholipia ni vitu viwili: joto lililopimwa, na mtu anayeangalia saa.

Bugarama, nchini Burundi, hakuna theluji, kuna mlima. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi, na kutoka ufukweni Magara ardhi inapanda upesi kuelekea mgongo wa Kongo-Nili, ambao kilele chake kwa upande wa Burundi, Heha, kinapita mita 2,600. Anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani, anayesukuma baiskeli yenye magunia kupanda, mvuvi aliyevuta nyavu za ndagala usiku kucha: wote wanayajua maumivu ya mapaja na kiuno yanayofika kesho yake asubuhi. Na maji moto ya Mugara, katika komine jirani ya Rumonge, hayako mbali nao.

Maji hayo hayapashwi na mtu. Ziwa limekaa katika Bonde la Ufa la Magharibi, ambako ardhi imepasuka. Mvua ya milimani hupenya kwenye nyufa, hushuka hadi kwenye miamba yenye joto, kisha husukumwa juu tena na kutokeza chini ya mlima. Kinachokosekana Mugara ni kipimajoto na saa. Utavibeba wewe, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuvitumia. Fuata hatua kwa mpangilio wake, na usianze hatua yoyote kabla ya kumaliza ukaguzi wa hatua iliyotangulia, ikiwa umewekwa.

Maneno manne yatumike kwa maana moja tu. Chemchemi ni mahali maji yanapotokea ardhini. Bwawa ni mahali maji ya chemchemi yanapokusanyika na watu kuoga. Mwangalizi ni mtu mzima uliyefika naye, ambaye haingii majini wakati wewe uko ndani. Mzunguko ni kuingia mara moja, kutoka na kupumzika. Nyuzi zote zilizotajwa humu ni za Selsiasi.

Hatua ya 1. Jikague siku moja kabla ya safari.

Soma orodha hii kwa sauti mbele ya mwangalizi. Usiende kwenye maji moto ikiwa una homa, una mimba, una ugonjwa wa moyo, una shinikizo la damu lisilodhibitiwa kwa dawa, una kisukari kilichokufanya upoteze hisia miguuni, una kidonda kibichi, au umekunywa pombe ndani ya saa 24. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiingie kabisa, kwa sababu mwili wake hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima na hawezi kueleza anachohisi. Unayetumia dawa za presha, muulize kwanza mganga wa kituo cha afya, kwa kuwa maji moto nayo hushusha presha.

Tofautisha uchovu na jeraha. Misuli iliyochoka huuma pande zote mbili, na maumivu yake hufika kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi. Maumivu hayo hutulizwa na maji moto. Kifundo kilichoteguka, goti lililovimba, au sehemu iliyobadilika rangi ni jeraha, na joto huongeza uvimbe. Jeraha lifanyiwe baridi kwa saa 48 za mwanzo, na safari iahirishwe.

Ukaguzi: mwangalizi aseme wazi kwamba hakuna hata kimoja cha orodha ulichokubali kuwa nacho.

Hatua ya 2. Kusanya vifaa.

Kipimajoto 1 cha jikoni au cha maabara kinachosoma hadi nyuzi 100. Kipimajoto cha homa hakifai: mwisho wake ni kama nyuzi 42, na cha kioo chenye zebaki kikivunjika bwawani umewaharibia wote maji. Kamba ya mita 2 ya kukifunga. Saa 1 yenye mkono wa sekunde, au simu. Bidoni 1 ya lita 20 iliyojaa maji baridi na beseni 1 la plastiki la lita 20 au zaidi. Kikombe cha kupimia cha lita 1. Maji safi ya kunywa, lita 3 kwa kila mtu. Sukari, chumvi na kijiko cha chai. Sabuni. Taulo 2. Kitenge au kaptula na fulana ya kuogea. Ndala zenye soli isiyoteleza. Mafuta ya mise mililita 100. Daftari na kalamu.

Ukaguzi: zamisha kipimajoto katika maji yanayochemka jikoni kwako. Ukiwa karibu na ziwa kinapaswa kusoma nyuzi 97 au 98. Ukiwa juu mlimani, pungufu kidogo, kwa sababu maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda. Kikikosea kwa zaidi ya nyuzi 2, tafuta kingine.

Hatua ya 3. Chagua siku na saa.

Chagua siku kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi. Miezi ya mvua milima ya kando ya ziwa huporomoka. Machi 2015 maporomoko ya Gitaza, kaskazini mwa Magara, yaliua watu na kukata barabara ya taifa namba 3 (RN3), ambayo ndiyo njia kuu ya ufuko huu. Ikiwa huna budi kwenda wakati wa mvua, usiondoke siku ambayo mvua imenyesha usiku uliotangulia.

Panga kufika kabla ya saa 3 asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, na kuondoka kabla ya saa 9 alasiri.

Hatua ya 4. Safiri hadi Mugara.

Shuka hadi RN3, panda twegerane au taksi inayokwenda kusini upande wa Rumonge, na umwambie dereva mapema kwamba unateremka njia ya Mugara. Kubaliana bei ya kwenda na ya kurudi kabla ya kuketi. Mafuta ya gari yakiwa haba, na hilo hutokea mara nyingi, hakikisha namba ya simu ya dereva wa kurudi iko kwenye daftari.

Hatua ya 5. Tafuta mwenyeji kabla ya kugusa maji.

Salimia kwanza: Amahoro. Kisha muulize mama au mzee uliyemkuta hapo maswali matano, na uandike majibu: maji yanaingilia wapi, ni wapi pana moto kupita kote, chini kuna mawe au matope, kina kinafika wapi, na wanawake na wanaume wanaoga saa zipi. Ufuko huu una Waislamu wengi na familia nyingi huoga pamoja na watoto, kwa hiyo vaa nguo ya kuogea inayofunika kuanzia kifuani hadi magotini, mwanamke na mwanamume sawa. Kama kuna ada, lipa sasa.

Mwenyeji anayeoga pale tangu utotoni anajua kuta na kina kuliko kifaa chochote. Kuhusu joto, hata hivyo, usimwamini yeye wala mkono wako. Ngozi iliyozoea moto, au iliyokomaa kwa jembe na kasia, husema maji ni mazuri wakati tayari yanaunguza.

Hatua ya 6. Pima joto la bwawa.

Hii ndiyo hatua inayobeba zote, na haina njia ya mkato. Chemchemi hazifanani. Zile za Sempaya, Uganda, huchemka kiasi cha watalii kuchemshia mayai. Za Ziwa Bogoria, Kenya, zinaunguza vilevile. Ilhali Chemka karibu na Moshi, pamoja na jina lake, ina maji ya kuogelea tu. Na katika bwawa moja joto hubadilika kutoka ukingo hadi ukingo. Namba uliyoisikia kwa mtu, hata ikiwa ilikuwa sahihi siku aliyopima, haikuhusu leo.

Funga kipimajoto kwenye kamba. Simama ukingoni na ndala miguuni, mwangalizi akiwa nyuma yako. Pima mahali 3: maji yanapoingilia, katikati unapoweza kufikia kwa kamba, na yanapotoka bwawani. Kila mahali pima mara 2: sentimita 10 chini ya uso wa maji, na karibu na sakafu. Acha kipimajoto kitulie dakika 1 nzima kabla ya kusoma. Mwangalizi aandike namba 6. Kubwa kuliko zote ndiyo joto la bwawa, si wastani.

Amua kwa jedwali hili la maneno. Joto la bwawa likiwa nyuzi 40 au pungufu, ingia kwa kufuata Hatua ya 8 na kuendelea. Likiwa zaidi ya 40 hadi 42, ingiza miguu tu hadi magotini, dakika 10, kisha nenda Hatua ya 12. Likizidi 42, usiingize kiungo chochote. Fanya Hatua ya 7, kisha nenda Hatua ya 12.

Sababu ni hii. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, ya nyuzi 49 kwa dakika chache. Kati ya 40 na 45 ngozi haiungui upesi, lakini moyo hulazimika kusukuma damu nyingi kwenye ngozi ili kupoza mwili, na aliyechoka huzimia bila dalili ndefu. Maji moto zaidi hayaponyi zaidi. Nyuzi 37 hadi 40 zinatosha kulegeza misuli.

Ukaguzi: rudia kupima mahali palipokuwa na namba kubwa. Tofauti ikizidi nyuzi 1, anza upya.

Hatua ya 7. Changanya maji ya miguu, ikiwa bwawa limezidi nyuzi 42.

Chota maji ya bwawa kwa kikombe kilichofungwa kamba, uyamimine kwenye beseni. Weka kando maji baridi kwenye bidoni. Pima yote mawili. Lengo ni nyuzi 40. Tumia kanuni hii: sehemu za maji moto ni 40 kutoa joto la maji baridi, sehemu za maji baridi ni joto la maji moto kutoa 40.

Mfano. Maji moto yana nyuzi 50, baridi yana 25. Sehemu za moto ni 40 kutoa 25, yaani 15. Sehemu za baridi ni 50 kutoa 40, yaani 10. Kumi na tano kwa kumi ni sawa na 3 kwa 2. Kwa beseni la lita 20, weka lita 12 za moto na lita 8 za baridi. Mimina baridi kwanza, moto baadaye, koroga kwa sekunde 30, kisha pima. Usitumbukize mguu kwa kuiamini hesabu peke yake: beseni lenyewe hupoteza joto na namba hushuka.

Keti, ingiza miguu hadi juu ya vifundo, dakika 15. Maji yakishuka chini ya nyuzi 36, toa miguu kwanza, ndipo uongeze maji moto. Kwa mvuvi aliyesimama usiku kucha ndani ya mtumbwi, beseni hili linatosha.

Hatua ya 8. Oga kwa sabuni mbali na bwawa.

Tumia lita 5 za bidoni. Simama upande ambao maji yako hayatiririkii bwawani. Suuza hadi povu liishe. Mafuta ya mise yasipakwe sasa: yatafanya mawe yateleze na kuelea juu ya maji ya wenzako.

Hatua ya 9. Pima mapigo ya kupumzika na unywe maji.

Keti kivulini dakika 5. Weka vidole 2 vya kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Andika. Kwa mtu mzima wengi huwa kati ya 60 na 100. Yakizidi 100 ukiwa umeketi, leo usiingie. Kunywa nusu lita ya maji, polepole, kisha subiri dakika 15.

Hatua ya 10. Ingia bwawani.

Mwangalizi asimame ukingoni na saa mkononi. Ingia upande maji yanapotoka bwawani, si yanapoingilia. Tanguliza mguu mmoja, hesabu hadi 30, leta wa pili. Keti maji yafike kiunoni, subiri dakika 2. Kisha teremka hadi maji yafike kifuani, chini ya mabega. Mikono na mabega viwe nje: hapo ndipo mwili hutolea joto.

Usizamishe kichwa, usirushe maji usoni, usiruhusu maji kuingia puani. Katika maji ya vuguvugu yasiyo na chumvi, popote duniani, huweza kuishi amiba aitwaye Naegleria fowleri. Hupita puani kwenda kwenye ubongo. Ugonjwa wake ni nadra sana, lakini karibu kila anayeupata hufa, na kinga yake ni hii tu ya kulinda pua. Wakumbushe watoto wanaoruka majini karibu nawe. Mama zao watakushukuru.

Kaa kimya. Kunja na kunjua vifundo vya miguu mara 10, kisha magoti mara 10, taratibu. Mzunguko wa kwanza ni dakika 8, wa pili 10. Mwangalizi aseme dakika kwa sauti kila baada ya dakika 2, na wewe ujibu kwa jina lako. Usipojibu mara moja, akutoe.

Toka kabla ya muda ikiwa unahisi kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kugonga, au moyo kwenda mbio.

Hatua ya 11. Toka na upoe.

Simama kwa awamu: keti ukingoni miguu ikiwa majini, dakika 1, ndipo usimame ukishika mkono wa mwangalizi. Wengi huanguka hapa, kwa kuwa damu imeshuka miguuni na mawe yana utelezi. Hesabu mapigo mara moja. Yakiwa yamezidi yale ya kupumzika kwa zaidi ya 30, siku yako ya maji imekwisha.

Jimwagie lita 3 za maji ya bidoni kuanzia miguuni kwenda juu. Usishuke kutafuta baridi ziwani. Juu ya uso wake Tanganyika lina nyuzi 24 hadi 28 na halitakupoza kama maziwa ya Ulaya yanavyowapoza watu wao. Tena ukingoni mwake kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna viboko na mamba. Keti kivulini dakika 10, kunywa robo lita.

Hesabu mapigo tena. Yakirudi hadi kutofautiana na ya kupumzika kwa 10 au pungufu, rudia Hatua ya 10 na ya 11. Mizunguko isizidi 2 kwa safari ya kwanza, wala 3 kwa safari yoyote. Mzunguko wa tatu, kama upo, ni dakika 10.

Ukiumwa kichwa au misuli ikikaza baadaye, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, unywe kidogo kidogo.

Hatua ya 12. Kanda misuli kwa mafuta ya mise.

Jikaushe, uvae nguo kavu, uketi juu ya taulo. Mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kokwa ya mchikichi, ni tofauti na mawese mekundu ya chakula. Rumonge ni nchi ya michikichi, na haya ndiyo mafuta ya kukandia yaliyo karibu. Kando ya ziwa huwa majimaji. Yakilala nyumba ya juu mlimani huganda, kwa sababu huyeyuka karibu na nyuzi 25. Yakiwa yameganda, weka chupa iliyofungwa ndani ya maji moto ya beseni kwa dakika 5. Paka kwanza tone 1 ndani ya kiwiko na usubiri dakika 10. Ngozi ikiwasha, acha.

Mimina kijiko 1 cha chai kiganjani, sugua viganja hadi vipate joto. Anza na shavu la mguu: kiganja kitoke kwenye kifundo kwenda gotini, daima kuelekea moyoni, dakika 3 kila mguu. Kisha paja, dakika 4 kila moja. Kiuno akukande mwangalizi, kwa viganja, kando ya uti wa mgongo na si juu yake, dakika 5. Kipimo cha nguvu: uweze kupumua na kuzungumza bila kukunja uso.

Ikiwa shavu la mguu mmoja tu limevimba, lina joto na linauma ukiligusa, usilikande kabisa. Huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 13. Kula na upumzike kabla ya safari.

Subiri nusu saa. Kula chakula cha kawaida chenye chumvi: ugali na ndagala, au mukeke wa kuchoma na ndizi. Usinywe bia hadi kesho. Usiendeshe pikipiki wala baiskeli kwa saa 2, na mzigo wa mlimani usubiri hadi asubuhi inayofuata.

Hatua ya 14. Andika vipimo na uwaachie wengine.

Andika tarehe, saa, namba zote 6 za Hatua ya 6, mapigo yako, idadi ya mizunguko, na maumivu yalivyokuwa asubuhi ya pili. Nakala yenye tarehe, saa na namba 6 mwachie mwenyeji kabla ya kuondoka, na kila utakaporudi umwachie nyingine. Ninawaomba walimu wa sayansi wa Rumonge na Bugarama ambao shule zao zina vipimajoto wachukue kazi hii kila mwezi na wabandike karatasi mahali waogaji wanapoisoma, kwa Kirundi na Kiswahili.